Sura ya Tisa: Bati Lisilopikiwa

Inspekta Denise Kanyere alikuwa amesimama mbele ya Substitut Antoine kwa robo saa, miguu ikiwaka moto ndani ya viatu, na bado hakuwa ameambiwa aketi. Si kwamba mwendesha mashtaka huyo kijana alikuwa na kiburi. Alikuwa na meza mpya tu, na mwenye kitu kipya husahau adabu kwa muda.

Meza yenyewe ilikuwa mlango wa ndege. Mlango mzima wa mizigo, mpana kama kitanda cha watu wawili, umelazwa juu ya miguu minne ya chuma, ukasuguliwa hadi ukang'aa, kisha ukawekewa kioo juu. Chini ya kioo zilionekana safu za riveti, zile pini ndogo zinazoshika mabati ya ndege, zimenyooka kuliko barabara yoyote ya Bunia. Mwaka huo kila mkubwa wa mji alitaka meza ya namna hiyo. Homa ilianzia kwa mashirika ya misaada, ikawapata wafanyabiashara wa Boulevard, na sasa ilikuwa imefika mpaka kwenye sheria.

"Unaona kazi ya Kamate?" Substitut alisema, akipitisha kiganja juu ya kioo. "Inatoka ku ile Antonov ya zamani, yenye ilikuwa inaoza kule ku aeropoti. Badala nyasi imeze, sasa inasaidia serikali."

"Iko muzuri," Denise alisema. "Na dosie ya Michée?"

"Inaisha kesho."

Alisema hivyo bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja saa.

"Kesho asubui, saa ine, Gérard atakuya hapa, na miye nitasaini manda, ile hati ya kusaka Michée na ule piloti. Wizi ya ndege na mizigo. Miezi kumi na moja, Mama Inspekta! Hakuna ndege, hakuna maiti, hakuna hata musumari moja."

Kesi ilikuwa fupi kuisimulia na ndefu kuibeba. Mwezi wa nne wa mwaka uliopita, ndege ndogo ya mizigo ya Gérard iliruka kutoka Bunia kuelekea magharibi, juu ya pori la Epulu, ikiwa na paneli za sola mia mbili na watu wawili: rubani aitwaye David, mseja kutoka Kinshasa, na Michée, msimamizi wa mizigo. Haikufika. Gérard aliandika kwa mkono wake kwamba ndege ilikuwa nzima, mwili wake haukuwa na kiraka hata kimoja, kwa hiyo haikuweza kuanguka. Na kwa kuwa haikuanguka, imeibwa, na aliyeibiwa hadaiwi fidia na wajane. Kisha akatokea mtu aliyeapa kwamba alimwona Michée huko Mahagi-Port, akinywa bia na kuuza paneli. Wiki iliyopita Denise alikwenda huko, siku mbili za vumbi na vizuizi vya barabarani, akamkuta huyo "Michée": mvuvi mrefu mwenye jina lingine, mwenye paneli moja, tena iliyopasuka.

"Nilikuambia ule wa Mahagi-Port haiko yeye," Denise alisema.

"Uliniambia mwenye haiko. Sasa niambie mwenye iko."

Uchovu ulimfanya Denise ashike ukingo wa meza asije akayumba, na vidole vyake vikaingia kwenye kona ya chini, pale mbavu mbili za mlango zinapokutana na msasa haufiki. Aliinama kidogo kana kwamba anakaza kiatu. Kulikuwa na rangi pale, imevuja kutoka upande wa nje, ukubwa wa ukucha, rangi ya kijani.

Antonov ya uwanja wa ndege ilikuwa na mstari wa buluu. Denise alikuwa ameipita kwa miaka kumi na miwili kwenda na kurudi kazini, na mtoto yeyote wa Bunia angeweza kuichora. Ndege ya Gérard, kwenye picha pekee iliyokuwemo ndani ya faili, ilikuwa nyeupe yenye mkanda wa kijani.

Kijani ni rangi ya watu wote, na Substitut aliyeipenda meza yake asingefurahia habari ya nusu. Aliaga, akatoka, akapanda pikipiki ya kukodi, akiwa na siku moja mkononi na usingizi wa wiki nzima machoni.

Njiani alimfikiria Gracieuse, mke wa Michée. Wazazi wake walikimbia Djugu na kuacha ng'ombe, nyumba na mashamba, lakini adabu zao za msiba walikuja nazo. Mtu hamlilii mwenziwe ambaye hajaambiwa kwamba amekufa, kwa maana machozi ya mapema ni kumchimbia kaburi aliye hai. Kwa miezi kumi na moja Gracieuse hakuwa amelia. Hakuwa mke, hakuwa mjane. Kesho angekuwa mke wa mwizi, na ni pasta gani angesimamia matanga ya mtu anayesakwa na serikali? Watoto wake watatu walishaanza kuitwa jina hilo njiani kwenda shule. Denise alikuwa amefunga faili nyingi bila kukosa usingizi, lakini hii ilimuuma.

*

Kamate alikuwa akikata bawa. Karakana yake ilikuwa kando ya barabara ya Mudzipela, ua wa matope uliojaa mbavu za ndege, na yeye alikuwa mtu mfupi mwenye miwani ya kuchomelea iliyopandishwa kwenye paji la uso. Alitoka Butembo kama Denise mwenyewe, kwa hiyo alimpokea kwa shangwe ya jamaa.

"Dada yetu! Na weye unataka meza?"

"Mushahara yangu inaweza kununua muguu moja tu ya meza. Kamate, ile mulango ya Substitut ulitosha wapi, ulitoa ku ndege gani?"

"Ku Antonov ya aeropoti. Batu yote wanajua."

"Antonov ilikuwa na rangi gani?"

Kamate alizima mashine.

"Buluu."

"Ni kweli. Na weye ulianza kutengeneza meza mwezi gani?"

"Mwezi ya sita, mwaka ilipita."

"Na mbele ya pale?"

"Nilikuwa nauzisha aluminiamu kwa wenye kuyeyusha sufuria. Miaka kumi nilifanya ile kazi."

"Juu ya nini uliacha?"

"Akili ilikuya. Nililala, nikaota meza."

Denise alikuwa amehoji watu kwa miaka ishirini na mmoja, na katika miaka hiyo hakuwahi kuona fundi aliyeacha kazi ya miaka kumi kwa sababu ya ndoto. Meza moja ilimchukua Kamate wiki tatu za kukata, kusugua na kuchomelea. Aluminiamu ya sufuria ilikuwa ikiondoka mlangoni mwake siku ileile iliyoingia. Mtu hakimbii kazi nyepesi kwenda kwenye nzito ila kuna kitu kimemfukuza. Hakubishana naye. Alimwachia ndoto yake, akavuka barabara.

Upande wa pili waliishi watu wa sufuria. Rebecca, mwanamke mnene mwenye mikono ya mwanamasumbwi, alikuwa amechuchumaa akipapasa mchanga ndani ya fremu ya mbao, pale ambapo mume wake angemimina aluminiamu iliyoyeyuka ili sufuria ipate umbo. Moto ulikuwa ukivuma nyuma yake. Denise aliketi juu ya kigoda bila kukaribishwa, maana miguu ilikuwa imekataa.

"Mama Rebecca, Kamate alikuwa anawaletea aluminiamu. Mulimufanya nini hata akawakimbia?"

"Siye? Siye hatukumufukuza yeye. Tulifukuza bati yake."

"Bati gani?"

Rebecca aliendelea kupapasa mchanga. "Mwaka ilipita, mwezi ya sita. Alileta aluminiamu muzuri sana, nyepesi. Mume yangu alikuwa amekwisha kuwasha moto. Njo mubebaji moja wa Marabo, wale wenye waliitosha mu pori, akafungua kinywa. Akasema, 'Ile ndege tuliikuta na batu wawili ndani. Tuliwazika, njo tukakata.' Mume yangu akazima moto palepale."

"Juu ya nini?"

Rebecca alimtazama kama mtu anayemtazama mtoto. "Mama, na weye iko mwanamuke! Bati ya marehemu, unaweza kuifanya sufuria? Utapika sombe ndani yake, upatie batoto? Hapana. Hakuna mutu hata moja mu hii barabara angekubali kuiyeyusha. Kamate alilia hapa. Akaita pasta, akaombea ile mabati siku tatu, lakini maombi haiwezi kulazimisha mutu akule. Njo mume yangu akamupa shauri: fanya kitu chenye batu hawakuliye. Fanya meza ya biro, ya kuandikia ku ofisi. Hakuna mutu anakula juu ya biro."

Denise aliwafahamu maofisa kadhaa waliokula vizuri sana juu ya biro zao, lakini hakuwa na nguvu za kumsahihisha. Basi hiyo ndiyo ilikuwa ndoto ya Kamate. Mji mzima ulikuwa ukisifu ubunifu wake, wakubwa walikuwa wakipanga foleni, kumbe meza zote zile zilizaliwa kwa sababu bati fulani lilikuwa halifai kupikiwa maharage.

Alirudi kuvuka barabara. Kamate alikuwa amemwona alikoketi, na alikuwa ameshavua miwani.

"Walizika batu wawili," Denise alisema.

"Sikuwaua miye."

"Najua. Wapi?"

"Mwendo ya siku mbili kutoka Epulu, mu pori. Sikufika. Naweza kukuitia wabebaji, wako Marabo." Sauti yake ilikuwa imepungua. "Dada yangu, ile pori imekula ndege mingi. Ningejuaje ni ya nani?"

"Ungeuliza."

"Kuuliza ni kuitwa ku polisi. Kuitwa ku polisi, unajua mwenyewe."

Alijua. Hilo nalo lilimchosha. "Ulifuta rangi gani?"

"Nyeupe na kijani."

"Ile mulango, ulikuwa na kitu gani ingine? Fikiri muzuri."

Kamate alifikiri. "Kiraka. Upande ya ndani, mutu alikuwa amepiga kiraka, ya muviringo, kwa riveti za mukono. Haikuwa kazi ya fundi ya ndege, lakini ilikuwa imekaza. Nilishindwa kuitosha bila kupasua mulango, njo nikageuza ile upande chini, na juu nikaziba tundu nikasugua. Substitut hawezi kupenda kiraka."

Ndani ya faili, kwa herufi za Gérard mwenyewe, ndege haikuwa na kiraka hata kimoja. Akipeleka mlango wenye kiraka mbele ya Substitut, Gérard atacheka na kusema: asante, Mama Inspekta, umenithibitishia kwamba hii si ndege yangu. Angekuwa amekata mti na kuuangusha juu ya nyumba yake.

"Kesho saa ine utakuya ku biro ya Substitut," alimwambia Kamate. "Ukikimbia, nitakufuata mupaka Butembo, na miguu inaniuma, kwa hiyo nitafika na hasira."

*

Gracieuse alipanga chumba kimoja na ukumbi huko Nyakasanza. Jioni ilikuwa inaingia na alikuwa akipika maharage nje, kwenye sufuria kubwa iliyofunikwa kwa sahani ya bati yenye maua, na juu ya sahani jiwe. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyeongea polepole, mwenye tabia ya kunyoosha kitenge chake kila aliposikia swali asilolipenda.

"Karibu, Mama Inspekta. Umekuya kuniambia ni kesho?"

"Ni kesho. Nani alikuambia?"

"Gérard alituma mutu aniambie nikuye nisikie kwa masikio yangu."

Denise aliketi. Maharage yalichemka, mvuke ukasukuma sahani, jiwe likatikisika, na Gracieuse akalirudisha mahali pake kwa kijiti. Denise alikuwa amekuja hapa mara tano katika miezi kumi na moja, na mara zote tano alikuwa ameliona jiwe hilo. Leo tu ndipo alipolitazama. Mtu akichoka sana, wakati mwingine macho ndiyo ya mwisho kulala.

"Mama Gracieuse, sufuria muzuri vile, kifuniko yake iko wapi?"

Mkono wa Gracieuse uliacha kijiti. Kwa mara ya kwanza tangu Denise amfahamu, alicheka, kicheko kifupi kisicho na nguvu.

"Michée aliniibia. Mulango ya ndege ilikuwa na tundu, mvua ilikuwa inaingia ku mizigo. Alimuambia patroni yake, patroni akasema watanunua ingine. Miezi ikapita. Siku moja asubui ninatafuta kifuniko, haiko. Alikuwa amekata ile kishikio, akaipigapiga ikalala, akaziba tundu ya ndege nayo! Nilimugombeza kabisa. Akasema, 'Nyamaza, mama Nadège, nikirudi nitakuletea mupya kutoka Isiro.'" Alinyoosha kitenge. "Njo ile safari."

Nadège alikuwa binti yao wa kwanza. Denise hakuandika chochote. Aliogopa kwamba kalamu ingemtisha yule mwanamke na yeye mwenyewe.

"Ile kifuniko ilikuwa na alama?"

"Itakosa aje alama? Sufuria bila alama, ukiazimisha ku matanga, hairudi." Aliinama, akafuta masizi kwenye ubavu wa sufuria kwa ncha ya kitenge. Hapo, kwa msumari, palikuwa pamepigwa mstari mmoja na vitone vitatu chini yake. Kila mwanamke wa Bunia alikuwa na alama yake, maana kwenye misiba na harusi sufuria arobaini za mtaa mzima hukaa kwenye moto mmoja, na bila alama, ugomvi wa kesho yake ungekuwa mkubwa kuliko msiba wenyewe. "Vitone ni batoto yetu watatu. Ku sufuria mustari imenyooka. Ku kifuniko imepinda mukia, inapanda juu, maana Michée alinichekesha nikiwa napiga, musumari ikateleza."

"Alikuchekesha na nini?"

"Nimesahau," Gracieuse alisema. "Najaribu kukumbuka kila siku."

Maharage yalikuwa yakiendelea na shughuli zake.

"Mama Inspekta, juu ya nini unauliza habari ya kifuniko?"

Denise angeweza kumwambia. Lakini alama ambayo hajaiona kwa macho yake ilikuwa bado ni maneno, na yeye hakutaka kumuua mume wa mtu kwa maneno.

"Kesho kuya na ile sufuria," alisema. "Uifunike na kitambaa. Mutu asiione mbele yangu."

Gracieuse alinyoosha kitenge, akageuza maharage, na Denise akajua kwamba ameshaelewa nusu ya jambo, ile nusu mbaya.

*

Ijumaa, saa nne asubuhi, Gérard alikuwa ameketi mbele ya meza ya mlango, mguu juu ya mguu, mtu mrefu mwenye shati jeupe na saa ya kung'aa. Hati ya kumsaka Michée ililala juu ya kioo, imeshachapwa, ikisubiri sahihi. Fanny, karani wa ofisi, alikuwa pembeni na daftari lake na muhuri. Kamate alisimama karibu na dirisha akitazama viatu vyake. Gracieuse aliingia wa mwisho, sufuria kichwani chini ya kitambaa, akaishusha taratibu karibu na mlango.

"Huyu anatuletea chakula?" Gérard aliuliza.

"Substitut," Denise alisema, "naomba dakika kumi mbele usaini. Na naomba Fanny aandike kila neno."

Antoine alitazama saa, kisha sufuria. "Dakika kumi."

"Bwana Gérard, ndege yako ilikuwa na kiraka?"

"Niliandika. Hata moja."

"Mulango ya mizigo?"

"Nzima. Kama siku ya kwanza. Siye hatufanye kazi na vitu ya kuungaunga."

"Asante. Mama Gracieuse, ambia Fanny kuhusu kifuniko yako. Ukubwa, alama, yote. Polepole, aandike."

Gracieuse alieleza. Sauti yake ilikuwa ndogo, na kalamu ya Fanny ikamfuata: kifuniko cha aluminiamu, mduara wa sufuria kubwa, kishikio kimekatwa, alama ya msumari, mstari mmoja na vitone vitatu, mkia wa mstari umepinda kwenda juu. Gérard alianza kwa kutabasamu. Kwenye neno "umepinda" mguu wake mmoja ulishuka kutoka juu ya mwingine.

"Imeandikwa?" Denise aliuliza.

"Imeandikwa, Mama."

"Sasa, Substitut, naomba tugeuze meza yako."

"Meza yangu?" Antoine aliuliza kama mtu aliyeombwa mtoto.

"Ukisaini leo juu yake, na kesho mutu mwingine aigeuze, utahitaji kufuta sahihi yako mbele ya mukubwa wako. Ni heri tuigeuze siye wenyewe."

Hilo lilimfikia. Walitoa kioo, kompyuta, faili na picha ya mke wa Substitut. Kamate alishika upande mmoja, Antoine mwingine, wakahesabu moja, mbili, tatu, na mlango ukalala chali juu ya saruji, miguu yake minne ikiwa juu.

Kiraka kilikuwa katikati, cha mviringo, kimepigiliwa riveti ishirini na kitu, nyingine zikiwa zimelala upande. Katikati yake palikuwa na matundu mawili yaliyozibwa, pale kishikio kilipokuwa. Denise alipiga magoti kwa taabu, akatema mate kwenye kitambaa, akasugua. Alama ikatokea kidogokidogo. Mstari mmoja. Vitone vitatu. Mkia wa mstari ulikuwa umeteleza na kupanda juu.

"Substitut, soma kitabu ya Fanny, ukisha uangalie hapa."

Antoine alisoma, akatazama, akasoma tena. Denise alivuta kitambaa kutoka juu ya sufuria, akaigeuza ili alama ya ubavuni ionekane. Hakukuwa na haja ya kusema lolote, lakini Gérard alisema.

"Sufuria mingi mu Bunia iko na alama! Na ikiwa Michée alipiga kiraka, aliipiga mwenyewe, miye sikumutuma! Nilimuambia asubiri, nitaagiza mulango mupya, yeye hakusikia..."

Aliyasikia maneno yake baada ya kila mtu mwingine.

"Fanny," Denise alisema.

"Nimeandika, Mama. Mupaka 'hakusikia'."

"Basi mulango ni ya ndege yake, na kiraka alikuwa anaijua, na ile karatasi yake ni uongo. Kamate ataeleza mulango ulitoka wapi. Wabebaji wa Marabo watatupeleka mupaka ku ndege yenyewe. Paneli yako itakuwa kule, Bwana Gérard, zenye zilivunjika na zenye hazikuvunjika."

Substitut Antoine alimwita polisi wa mlangoni na kumwambia kwamba Bwana Gérard haondoki. Kisha akaichukua ile hati, akaikunja mara mbili, mara nne, akaitia mfukoni, kana kwamba aliona aibu kuiacha mahali ambapo mwanamke yule angeiona.

Gracieuse alikuwa amesimama palepale. Hakuwa amemtazama Gérard hata mara moja.

"Mama Inspekta," alisema. "Wale wenye walikata ndege. Waliwaacha tu mu pori?"

"Hapana," Denise alisema. Alikuwa bado kwenye magoti, na hakutafuta maneno mazuri. "Waliwazika. Wote wawili. Njo wakakata."

Gracieuse aliitikia kwa kichwa polepole. Alivua viatu, akaviweka sambamba kando ya ukuta. Alifungua kitenge chake, akakifunga upya kiunoni, kwa nguvu, kama wanavyofanya wanawake wa kwao wakianza msiba. Akaja hadi kwenye mlango wa ndege uliolala chali, akashuka chini kwenye saruji, akaweka kidole juu ya ule mkia uliopinda. Kisha akafungua kinywa, na miezi kumi na moja ikatoka.

Kilio kilipita dirishani, kikaingia korido. Watu waliokuwa wakisubiri kesi zao kule nje wakainuka. Wanaume wakavua kofia bila kujua wanamvulia nani. Substitut Antoine alisimama katikati ya ofisi yake isiyo na meza, akatafuta mahali pa kuweka mikono, akakosa. Denise hakujaribu kuinuka. Miguu ilikuwa imekwisha, na hata hivyo mahali pake palikuwa pale chini. Aliketi kando ya Gracieuse, akamshika bega, na machozi yake mwenyewe hakuyafuta.

Fanny alifunga daftari. Akavua viatu vyake vya kisigino, akavuka ofisi kwa soksi, akachuchumaa nyuma ya Denise.

"Mama Inspekta," alinong'ona, "ku matanga watahitaji sufuria ngapi? Miye niko nayo mbili kubwa. Zote iko na alama."